Pedi Tuliyoiita ya Minza

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Umeenda kusukwa, na msusi wako ninavyomfahamu ana maneno mengi kuliko vidole, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nilitaka kusema kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili, na kila nikifungua kinywa wewe unainuka kwenda kukoleza jiko ambalo halijapungua moto. Siku hizi tunaongea habari za chumvi na maji ya kuoga tu, kama wapangaji. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma kwenda chuoni, na mimi ninaogopa. Siogopi mji, wala wanaume, wala mitihani. Naogopa damu yako.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa bweni, wala kuchagua marafiki, wala kukumbuka kanisa. Shangazi zako wameyasema hayo mpaka wamekauka koo, na wewe uliwaitikia kwa adabu zote huku umeficha mchele mbichi shavuni. Wao hawakuuona. Mimi niliuona, nikanyamaza, kwa sababu mwaka jana nilipouona mara ya kwanza nilisema maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nitayafikia.

Nianze na pamba, maana huko ndiko nilikopotelea. Wageni wakija karakana yetu huwa nawasimulia kwa kuchekesha jinsi nilivyoanza, na wewe umesikia mpaka umechoka. Nilikuwa nafanya kazi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa kufunga marobota, mpaka vumbi la pamba likanishinda kifua. Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba mkoa mzima umezungukwa na pamba, halafu binti zetu wanajifunga matambara au wanasubiri pedi zinazotoka mbali. Nikasema nitazitengeneza mwenyewe. Kitambaa laini juu, nailoni chini, katikati kiini cha pamba ya Simiyu. Nilidhani kazi imekwisha hapo.

Sisi tuliozaliwa Kasoli tumelelewa na amri moja kuhusu pamba: isiguswe na maji. Guku wako, baba yangu, alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa mambo ya kanisa. Msimu wa kuuza, wapo waliokuwa wakinyunyizia magunia maji ili yapate uzito, na Guku akimshuku mtu alikuwa anazamisha mkono mpaka kwapani, akiutoa umelowa anaupangusa kwenye shati la mwenye gunia, mbele za watu. Mtu aliyelowesha pamba alikuwa mwizi tu, hata kama anaimba kwaya. Basi mimi, binti wa mtu huyo, nikachagua pamba safi kabisa, nyeupe, kavu, nikaitia kwenye pedi kama ilivyotoka mashineni. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuimwagia pamba maji, ningejuaje?

Pedi ya kwanza niliivaa mwenyewe. Nikaenda nayo Kasoli kwenye kikao cha mahari ya binamu yako, nikakaa kwenye kigoda kati ya wakwe, nikijiona mwanamke wa maendeleo. Nilipoinuka, shangazi mmoja alinifunga kitenge chake kiunoni kwa haraka na kunisukumia jikoni. Niliifungua ile pedi. Pamba ilikuwa nyeupe vilevile. Damu ilikuwa imepita juu yake, ikatafuta ukingo, ikashuka. Baadaye nikaja kujifunza kwamba pamba ina nta yake ya kuzaliwa, na mpaka uichemshe na magadi, uisuuze, uianike na uichambue upya, haitaki maji kabisa. Guku alipokuja Bariadi akakuta masufuria yamejaa pamba inayotokota, alisimama mlangoni na fimbo yake. "Mayu, hata wewe?" akasema, akiniita mama kama alivyozoea. "Pamba na maji? Nimekulea mimi?" Hakula siku ile. Ulikuwa mdogo, ulicheka mpaka ukapaliwa.

Wageni wakifika hapo nao hucheka, na mimi huiachia hapo. Ila sikuwaambia kamwe kwamba baada ya siku ile ya Kasoli nilisumbuka miezi mingi kabla ya kuimwagia pamba yangu tone la maji nione inafanya nini. Nilikuwa na bomba uani. Niliuhukumu uzi, nailoni, gundi, hata kitako changu mwenyewe, kabla ya kuihukumu pamba, kwa sababu pamba ilikuwa ya kwetu na niliiamini. Hiyo ndiyo tabia yangu, Minza. Kitu ninachokipenda sikikagui.

Baada ya hapo nikaingia kosa la pili, na hilo ulinitoa wewe. Nilitoka jineri na akili ya marobota: pamba nzuri ni iliyoshindiliwa. Nikanunua jeki ya lori, nikawa nashindilia kile kiini mpaka kinakuwa kigumu kama soli ya kandambili. Kilinyonya vizuri mezani. Lakini mezani hakuna mapaja. Wanawake waliokuja kuzijaribu walitembea kama watu walioshuka kwenye baiskeli baada ya kutoka Lamadi, na wakiketi kiini kinavunjika katikati, kinasimama kama paa la nyumba, damu inakimbilia pembeni. Nikaona dawa ni kushindilia zaidi.

Ulikuwa kidato cha pili. Nilikukuta na wembe, umekaa sakafuni, unachana kiini nilichomaliza kukishindilia. Nilikupiga kofi la mkono, wembe ukaruka. "Unaharibu pedi za watu!" Wewe hukulia. Ulisema, "Mayu, mimi ndiye ninayezivaa. Kaa basi na wewe uone." Ukanionyesha: ulikuwa umechana mistari mirefu ambayo haifiki mwisho, ili kiini kishikane ncha zote mbili lakini katikati kilegee. Ukakikunja. Kikajikunja chote, taratibu, bila kuvunjika. Ukakinyonga kama mtu anayekamua nguo, kikarudi. Halafu tukamimina damu ya mbuzi kutoka buchani, ile tuliyoikoroga isigande, na tukaiona ikiifuata ile mistari mbele na nyuma, badala ya kukusanyika sehemu moja na kumwagika. Mimi ni mtu mzima na nilipiga vigelegele peke yangu kwenye chumba chenye harufu ya bucha. Sijui kama niliwahi kukwambia wabeja, asante. Kama sikusema, nasema leo.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Wewe ulikuwa unatoka damu nyingi. Nilijua. Ulipokuwa kidato cha tatu pedi yetu ya kawaida ilikuwa haikufikishi hata mapumziko ya saa nne. Mama mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama fundi aliyeletewa kazi ngumu. Nikasema nitamtengenezea mwanangu pedi itakayomshinda shetani. Nikaongeza tabaka la pili, nikatafuta Mwanza ule unga unaonyonya na kuvimba kama uji mzito, nikaupanga kwenye vifuko vidogo vidogo vilivyotengana ili vikivimba visigongane na kiini kibaki kinakunjika. Nikapanua mistari yako ya wembe. Nikakujaribishia mwezi hadi mwezi, nikikuuliza imevuja wapi, imebana wapi, umelala upande gani. Ninayo majibu yako yote kichwani. Hakuna mwezi niliokuuliza wewe mwenyewe unajisikiaje.

Tulipoipatia, ilikuwa nyembamba, laini, unaikalia baiskeli na huijui. Uliivaa asubuhi ukaivua jioni. Wanawake wa karakana wakaiita ya Minza, na wateja wenye siku nzito wakaja wakiomba "ile ya Minza." Nilivimba kichwa. Nilimwambia kila mtu kwamba mwanangu anabadilisha mara mbili tu kwa siku.

Mwaka jana ukaanza kula udongo. Halafu mchele mbichi. Ukawa unapanda ngazi tatu za kanisani unasimama kama bibi kizee. Na mimi, mama yako, mtaalamu wa damu za watu, niliwaza nini? Niliwaza mimba. Nilikusimamisha hapa sebuleni nikakuuliza ni ya nani. Ulisema, "Mayu, hakuna." Nikakuita mwongo. Nikakupeleka kupimwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, na kipimo kilipoonyesha hakuna kitu sikuomba radhi, nilisema tu, "Basi acha udongo." Hayo ndiyo maneno yanayonichoma. Ulikuwa unaishiwa damu mbele ya macho yangu, na mimi nakutafutia mwanamume wa kumlaumu.

Kisha ile siku ya zahanati. Unaikumbuka vizuri, ila nataka ujue mimi ninavyoikumbuka. Yule nesi alikuwa mwema, hakuwa na haraka. Akakuvuta kope chini, akaguna, akauliza, "Siku zako zikoje, mdogo wangu? Unabadilisha pedi mara ngapi?"

Ukasema, "Mara mbili."

"Kwa siku nzima?"

"Ndiyo, asubuhi na jioni."

"Hiyo ni kawaida, tena ni kidogo," akasema, akaandika. "Itakuwa lishe. Ale mchicha, maini, dagaa."

Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, Minza. Nilisikia swali, nilisikia jibu, na nilichokifanya ni kutabasamu. Nilitabasamu kwa sababu pedi yangu ilikuwa imesifiwa. Nesi aliuliza kwa hesabu ya pedi za watu wote, ukamjibu kwa hesabu ya pedi inayotengenezwa karakana moja tu duniani, na mtu pekee aliyejua tofauti alikuwa amekaa benchini anajipongeza. Yule nesi hana kosa. Hata wewe huna, uliulizwa ukajibu kweli.

Ukala maini. Nilikupikia maini mpaka paka wa jirani wakahamia kwetu. Na mwezi uliopita ukaanguka pale karakana, ukiwa umeshika beseni la pamba, ukaanguka bila hata kunyoosha mkono kujizuia. Viganja vyako vilikuwa vyeupe kuliko ile pamba. Hospitali walipima, wakasema damu imeshuka sana, wakakuongezea chupa, wakakupa vidonge vyekundu. Daktari naye akauliza lile lile, ukamjibu vile vile. Nilikuwa nje nanunua maji. Uliponisimulia, sikushtuka bado. Ndivyo nilivyo mzito.

Nilishtuka Ijumaa hii iliyopita. Ulikuwa umelala, na ulikuwa umefunga pedi yako kwenye karatasi ili ikachomwe. Nikaishika kuitupa. Nimeshika pedi maelfu maishani, kavu na mbichi, lakini za majaribio, zenye damu ya mbuzi niliyoipima mwenyewe. Yako sikuwahi kuishika, uliyachoma mambo yako mwenyewe kama nilivyokufundisha. Ilikuwa nzito, Minza. Nzito kama ini la mbuzi. Nikaipeleka kwenye mizani ya karakana, nikaweka kavu upande wa pili, nikaongeza kavu nyingine, na nyingine, na yako bado haijainuka, nikaacha. Nikakaa sakafuni. Kwa miaka yote ile nilikuwa hodari wa kuipokea damu yako, na sikuuliza hata siku moja kwa nini inatoka yote hiyo.

Nilikimbilia hospitali peke yangu, na ndala mguu mmoja nyeusi mmoja bluu. Nikamweleza daktari. Alinisikiliza vizuri. Akasema inawezekana kabisa kuna kitu ndani ya kizazi, uvimbe, au damu yenyewe haijui kuganda, na kwamba lazima upigwe picha na upimwe vizuri, na vitu kama hivi vina dawa vikiwahiwa. Nikamwomba aandike dawa hiyo basi. Akasema, "Mama, siwezi kumtibu aliye nyumbani. Mlete mwenyewe aseme mwenyewe."

Ndipo Jumapili nikakwambia, na ukakataa. Najua sababu zako, nazirudia hapa ujue kwamba nilisikia. Ulisema baba yako ameuza ng'ombe huko Kimali kwa ajili ya chuo, na kwa vile tangu ahamie kwa mke mwenzangu hajawahi kutuuzia hata kuku, ukiahirisha hatauza tena. Ulisema unajisikia vizuri tangu uongezewe damu. Ulisema utapima likizo. Halafu ukasema la kweli, kwa sauti ndogo, kwamba yule dada wa nyuma ya soko alikwenda kupigwa picha ya tumbo akarudi hana kizazi, na kwamba wewe hujazaa. Nikajibu kwa ukali. Nikasema, "Kwa hiyo bora ufe na kizazi chako?" Ukasema, "Mayu, mwili ni wangu. Wewe umeufanyia majaribio ya kutosha." Tangu hapo ni chumvi na maji ya kuoga.

Maneno yako ni ya haki, sina la kujitetea. Lakini hofu yako naijua sura yake, kwa sababu ni ile yangu ya kwenye bomba la uani. Niliogopa kuimwagia pamba maji kwa sababu nilijua ndani yangu kwamba itakataa, na ikikataa sina kitu. Bora kutojua. Nilipoteza miezi kwa kutojua, na ilikuwa pamba tu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nikidhani maana yake ni watu wanaodanganya. Wewe hujadanganya mtu. Tumeyaficha maradhi yako kwa ufundi, mimi na wewe, kwa wembe na magadi na vifuko vya unga, tukayaficha hata kwa waliosomea kuyatafuta.

Huyo dada wa nyuma ya soko nilikwenda kumwona juzi. Usinikasirikie. Aliniambia alikaa na uvimbe wake miaka mingi akijifunga vitenge viwili viwili, akaenda siku aliyobebwa. Daktari wake alimwambia angekuja mapema wangetoa uvimbe wakaacha kizazi. Alisema nikwambie, na alilia aliposema. Sina uwezo wa kukuahidi watakukuta na nini, ningekuwa nao ningeuza hata karakana. Naweza kukwambia tu kwamba kila mwezi unaongojea unangojea kwa damu, na damu yenyewe huna.

Nilifikiri kukuzuia kesho. Nilifikiri kuficha tiketi, kulala mlangoni, kumpigia baba yako aje na fimbo. Ningefanya yote hayo ungebaki hapa ukinichukia, na bado usingefungua mdomo mbele ya daktari. Kwa hiyo nimefanya jambo jingine, na barua hii umeikuta pale pale nilipolifanyia.

Pedi zako zote ulizozipanga chini ya mashuka ndani ya begi lako la safari nimezitoa, Minza. Hata zile ulizozificha ndani ya viatu. Usiwapigie simu wanawake wa karakana, nimewakataza, na mashine ya kushindilia nimeifungua vipande. Mahali pake nimeweka za dukani, zile nyembamba unazozicheka. Pembeni kuna vidonge vyekundu, umeze kila siku. Siku zako zikianza, utavaa moja na haitamaliza kipindi kimoja cha darasani. Utavaa ya pili, ya tatu. Utaogopa kukaa kwenye viti vya watu. Utanilaani, na nimejiandaa. Mimi niliyetumia miaka yangu yote kuhakikisha hakuna binti wa Simiyu anayechafuka mbele za watu, ninakuomba wewe uchafuke.

Na ukichafuka, usikimbilie bwenini kubadilisha. Jifunge kitenge, mshike mkono yeyote aliye karibu, uende hospitali hivyo hivyo. Wakikuuliza unabadilisha mara ngapi, usijibu. Fungua kitenge waone.

Mama yako,
Bariadi